Fuko na Nanga Waliponyamaziana

Mpwa wangu aliolewa na mchimba visima. Mtaani walimwita Fuko, na jina alilipenda, akaliandika kwa rangi nyeupe kwenye mpini wa sururu yake. Alikuwa mfupi, mwembamba, na mabega makubwa kama ya kuazima. Ukimwona amekaa barazani na miguu yake imekunjwa ungedhani ni fundi saa. Lakini mpe udongo mgumu na shimo lisiloonyesha mwisho, utamsikia anapiga mluzi.

Kisima hakichimbwi na mtu mmoja. Yupo anayeshuka na yupo anayebaki juu na kamba. Kwa Fuko, aliyebaki juu ni shemeji yake, kaka wa mkewe, naye pia mpwa wangu. Huyo ni jitu, na watu walimpa jina la Nanga kwa kuwa akishakaa mahali hasogei. Kazi yake ilikuwa kuvuta ndoo za udongo, kuteremsha vifaa, na kumtoa shemeji yake shimoni. Na kazi nyingine, kubwa kuliko zote hizo, ilikuwa kusikiliza.

Hili lazima nilieleze. Anayeshuka hanyamazi. Chini kule hewa huharibika bila harufu wala sauti. Mtu huanza kusikia usingizi mtamu, akakaa chini apumzike kidogo, basi, ndio mwisho wake. Kwa hiyo Fuko alipokuwa shimoni alisema mchana kutwa, na Nanga alimjibu mchana kutwa. Sauti ikififia, maneno yakianza kuburuzika, Nanga hakuuliza mara mbili, alivuta. Aliwahi kumvuta namna hiyo katika kisima kingine, Fuko akatoka juu anatukana kwamba amekatizwa hadithi yake, kisha akazimia.

Na maneno yenyewe yalikuwa ubishi mtupu. Mbuzi anasikia baridi au hasikii. Nani anakoroma zaidi. Kama redio ya Nanga iliibwa au aliisahau kwenye basi. Wapita njia walisimama kusikiliza, maana sauti ya Fuko ilitoka ardhini kama marehemu mbishi aliyekataa kuzikwa. Mimi nilishangaa watu wawili wana maneno kiasi kile. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, waache wabishane. Nikiwasikia wanabishana napika kwa raha."

Nilikuwa nimefikia kwao wakati huo. Ndivyo ninavyoishi tangu mke wangu afariki, huku wiki, kule mwezi, mpaka nione uso wa mwenye nyumba umeanza kunitazama kwa hesabu, nami naaga kabla sijaagwa.

Mwaka ule ulikuwa wa kuchagua rais. Rais aliyekuwa madarakani, mtaani walimwita Mzee Kiti, maana kila alipoahidi kupumzika alionekana kukaa vizuri zaidi. Aliyetaka kuingia walimwita Bwana Kesho, kwa sababu hotuba zake zilianza na kesho na kuishia kesho. Sidhani kama kuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuwaona hao wawili kwa macho yake. Lakini walitugawa utadhani walikuwa wanalala vyumbani mwetu.

Nimetembea sana na nimekuta watu wakigombana kwa mambo ya haki, shamba, mirathi, mke. Huu ulikuwa ugomvi wa watu wasiokuwa na kitu humo ndani. Fundi cherehani alimrudishia jirani yake kitambaa cha suruali kikiwa kimekatwa mguu mmoja, akamwambia aende kwa fundi wa chama chake akaumalizie wa pili. Wanawake waliochota maji pamoja miaka yote walianza kupanga foleni mbili kwenye bomba moja, na bomba lenyewe halitoi maji. Watoto walifundishwa nyimbo za matusi, wakiimba vizuri baba zao wanapiga makofi. Hasira sikuwa nayo. Nilisikia kinyaa, kile cha mtu aliyekuta unywele kwenye kikombe baada ya kumeza.

Nanga alikuwa wa Mzee Kiti, kwa sababu barabara ya kwake ilimwagwa changarawe. Fuko alikuwa wa Bwana Kesho, kwa sababu Mzee Kiti aliahidi mabomba ya maji tangu Fuko hajaoa. Mwanzoni walicheka nalo. Nanga alikuwa akisema mezani kwamba hajaona mwehu kama huyu, mchimba visima anayelilia mabomba, je yakifika atakula nini? Fuko akajibu kwamba yakifika atalala, na shemeji yake atalazimika kutafuta kazi inayohitaji kufikiri. Dada mtu alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Kisha lori la kampeni likaanza kupita na kofia. Nanga alipata moja. Akaivaa kazini, akaivaa mezani, nadhani alilala nayo. Na kadiri alivyozoea ile kofia ndivyo maneno yake yalivyobadilika. Hakusema tena "mimi naona." Alisema "sisi." Fuko naye akaanza kusema "nyinyi." Mtu unamvuta kutoka ardhini miaka yote, leo anakuita "nyinyi."

Walikuwa wanamchimbia kisima mama mmoja mwoka mikate, uani kwake, karibu na ukuta wa barabarani. Dirisha la jiko lake linatazama pale, na yeye ndiye aliyenisimulia baadaye yaliyotokea ile Jumatatu. Anasema waligombana kabla Fuko hajashuka. Fuko alimwambia mwenzake kwamba ile kofia imemla akili. Nanga akajibu, na mwoka mikate alilikumbuka jibu lake neno kwa neno:

"Wewe umezoea kukaa shimoni. Mambo ya huku juu huyajui."

Fuko akasema kwa upole kabisa, "Vizuri. Tangu leo usiniambie neno. Wewe vuta ndoo tu."

Wakapatana hapo hapo, kama watu wazima wanaopanga jambo la maana. Kamba ikitikiswa mara moja, ndoo imejaa. Mara mbili, teremsha. Mara tatu, nitoe. Na hakuna kusemezana. Mwoka mikate alisema alidhani ni utani, akarudi kwenye unga wake. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza mtu aliyezimia atatikisaje kamba. Waliokuwa wanaijua kazi ile kuliko wote mtaani ndio walioikosea, na waliikosea kwa makusudi, kwa kununa.

Nyumbani hawakusema kitu. Fuko alirudi, akaoga, akala, akalala. Mkewe aliniuliza kama nadhani ni homa.

Siku iliyofuata lori la Mzee Kiti lilikuja kufanya mkutano mtaani. Wakaliegesha penye kivuli, nje ya ukuta wa mwoka mikate. Jenereta ya vipaza sauti ilikuwa na kelele zilizowaudhi wao wenyewe, basi vijana wawili wakaibeba, wakaipitisha getini bila hodi na kuiweka ndani ya ua, nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka mdomo wa kisima. Moshi wake ulikuwa mzito. Nanga aliwaona. Walikuwa watu wake, wakampungia mkono kwa ajili ya kofia, naye akawapungia.

Mimi na mpwa wangu tulifika na chakula cha mchana. Kelele zilikuwa za kupasua kichwa. Nanga amekaa kwenye gogo lake, kamba imezungushwa mguuni, anatikisa kichwa kwa kufuata wimbo. Mpwa wangu alisimama. Nilimwona anatega sikio kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Akaenda mpaka kwa kaka yake, akainama kwenye sikio lake.

"Mume wangu mbona hasemi?"

"Hatuzungumzi," akasema Nanga.

"Hamzungumzi tangu lini?"

"Tangu jana."

"Sasa utajuaje kama yuko hai, kaka?"

"Akitaka kitu anatikisa kamba."

"Ametikisa mara ya mwisho saa ngapi?"

Nanga akaitazama kamba.

Mpwa wangu hakupiga kelele. Alikwenda kwenye ile jenereta na kung'oa waya. Wimbo ukakatika katikati ya jina la Mzee Kiti, na huko nje watu wakazomea. Akapiga magoti ukingoni, akaita shimoni. Aliita jina la mumewe lile la nyumbani ambalo sikuwahi kulisikia. Halikujibiwa. Kwa jinsi moshi ulivyokuwa umelala pale chini, hata sisi wa juu macho yalituwasha.

Fuko alikuwa na kamba yake kifuani, hiyo kanuni hawakuivunja. Nanga alivuta. Lakini mtu aliyelegea ni mzito, anagonga ukuta, anakwama kwenye kila jiwe. Nanga alivuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni na kamba ikateleza kurudi shimoni. Nikashika na mimi, na uzee wangu huu. Haikutosha. Vijana wa lori walikuwa wameshaingia uani kutafuta nani kawakatia umeme, na watu nyuma yao, uwanja mzima. Nikawaomba wasaidie, mtu anakufa.

Mmoja, mtu mzima, mwenye mvi kama mimi, akauliza ni nani huyo aliye chini. Akaambiwa ni Fuko.

"Si yule anayemtukana Mzee kila siku?" akasema. "Mwambieni Bwana Kesho aje amvute."

Na watu wakacheka.

Si wote. Lakini walicheka wa kutosha. Nilishika kamba na huku nawatazama midomo. Nimewahi kula vilivyooza kwa njaa, nimewahi kuosha maiti ya mtu aliyekaa mtoni, na sikutapika. Kicheko kile kilinipanda kooni. Mpaka leo nikikutana na mzee yule njiani, nabadilisha upande.

Mwoka mikate ndiye aliyetoka mbio, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, akaikamata kamba nyuma yangu. Kisha dereva wa lori akashuka, akaivua kofia yake kwanza na kuitupa ndani ya gari, akaja. Baada yake wakaja wengine watatu wanne, na wengine wakabaki wamekunja mikono. Tukamtoa. Alikuwa na rangi ya majivu na tope mdomoni. Mkewe akamsafisha kinywa kwa kidole, akamlaza ubavu, akampiga mgongoni, akampiga, mpaka akakohoa.

Lori la kampeni ndilo lililompeleka zahanati. Hilo nalisema kwa haki.

Hapo ndipo ungefikiri watu wangeona haya. Asubuhi iliyofuata walikuja watu wa Bwana Kesho zahanati, na kamera. Fuko hajaweza hata kuinua mkono. Wakamwinua wao, wakamvisha fulana ya chama kama unavyomvalisha mtoto aliyelala, wakampiga picha, wakamrudisha kwenye mto. Mpwa wangu alikuwa ameenda kuchota maji. Aliporudi wameshaondoka, na wamemwachia mgonjwa fulana inayombana kifua ambacho daktari amesema kisibanwe. Akaikata kwa mkasi wa zahanati tangu shingoni mpaka chini.

Wa Mzee Kiti nao wakaeneza kwamba Fuko alikuwa amelewa. Mtu ambaye hajawahi kuonja. Basi nusu ya mtaa ikasema jamaa ni mlevi, nusu ikasema amevutishwa moshi kwa amri kutoka juu, na katika nusu zote mbili sikumsikia mtu akiuliza kama ameshaanza kula.

Nanga alikuwa anakaa nje ya zahanati, kwenye benchi, haingii. Dada yake hakumfukuza wala hakumkaribisha. Jioni moja nilikuwa naye wakati watu wa chama chake walipompitia. Walimchangamkia sana. Mmoja alimnunulia soda, akamfungulia kabisa, akamkalia karibu na kumwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pongezi za harusi:

"Umewaonyesha, kaka. Nasikitika tu walimwahi."

Nanga alimtazama. Kwanza hakuelewa. Halafu nikaona ameelewa. Akaiweka ile soda chini polepole, akasimama, akaenda nyuma ya jengo, na nikamsikia anatapika. Yule mtu akaniuliza kama mwenzangu ni mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, na ugonjwa wenyewe ni wewe. Akaondoka anacheka, akidhani ni utani wa wazee.

Ukabaki muda mdogo kabla ya kupiga kura. Fuko amerudishwa nyumbani, anakaa barazani na blanketi, anakohoa. Nanga akaja mlangoni, kofia hana. Akasimama na dada yake jikoni, na akasema jambo alilokuwa amelifikiria sana, masikini. Alisema siku ya kura atampigia Bwana Kesho. Kwa ajili ya shemeji.

Dada yake alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Kaka, mume wangu hakuangushwa na kura," akasema. "Usiniletee kura hapa kama mtu aliyevunja sahani."

Lakini ujumbe aliufikisha kwa mumewe. Mimi nilikuwa barazani, nikausikia, na nikamsikia Fuko anakohoa kwa muda mrefu, nadhani alikuwa anataka kucheka.

"Mwambie ampe Kiti wake," akasema. "Mimi nilikuwa namtaka aseme nami tu. Nilimnyamazia, akaninyamazia. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa chini."

Siku ya kura mtaa ulikwenda. Fuko hakuweza kusimama kwenye foleni, akabaki. Nanga alikwenda, akapanga foleni nusu siku, akarudi na kidole chenye wino, na hakumwambia mtu kampigia nani, na hakuna aliyemuuliza, maana kila upande ulikuwa na uhakika kwamba amewasaliti. Nani alishinda sisemi. Anayetaka atakuambia mwingine, tena kwa kelele. Nilichokiona ni kwamba usiku ule waliopika walipika, waliochomewa vibanda vyao walilala kwa jamaa, na asubuhi bomba lilikuwa kavu vile vile.

Kisima cha mwoka mikate kilikuwa kimebaki pale pale na ubao juu yake. Udongo wa mwisho uliotoka ulikuwa na unyevu. Mama yule hakuwasumbua, lakini alikuwa ananunua maji kwa ndoo, na mkate wake ulikuwa umepanda bei.

Nanga akaja asubuhi moja, kamba begani. Safari hii alifika mpaka barazani, akasimama mbele ya Fuko. Alikuwa amepungua.

"Shemeji," akasema, "kimebaki kidogo kile. Nitashuka mimi. Wewe nishikie."

Nanga hajawahi kushuka kisimani maisha yake yote. Anaogopa hata ngazi. Fuko alimkazia macho, akamtazama tumbo, akatazama kamba. Sijui alitafuta nini. Kisha akavua blanketi, akalikunja, akaliweka kwenye kiti.

Tukaenda wote. Wakateremsha taa kwanza kupima hewa, ikawaka vizuri mpaka chini. Mpwa wangu na mtoto wa kiume wa mwoka mikate, mtu mzima mwenye mikono minene, walikuwa tayari kwa kuvuta. Fuko hakuwa na nguvu hizo. Lakini fundo alilifunga yeye mwenyewe kifuani kwa shemeji yake, akalijaribu, akalifungua, akalifunga tena. Hakusema neno. Nanga alikuwa anatoa jasho la baridi. Akashuka kidogo kidogo, ameshikilia kamba kama mtoto anayeshikilia kanga ya mama yake.

Fuko akakaa kwenye lile gogo.

Nanga alianza kusema kabla hajagusa chini. Alisema giza. Alisema ukuta una maji. Alisema hajui mtu anawezaje kugeuka humu na sururu. Alisema kuna mdudu. Maneno yalikuwa yanapanda yakifuatana, bila kupumua, na huku juu hakuna aliyeyajibu. Mpwa wangu alimtazama mumewe. Fuko alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekezwa shimoni, macho yake yako kwenye vidole vyake vya miguu.

"Shemeji," ikasema sauti ya chini. "Upo?"

Fuko kimya.

"Shemeji?"

Mpwa wangu akafungua mdomo. Fuko akamwinulia mkono, angoje. Chini haikusikika hata sururu. Tulisikia pumzi tu, pumzi ya mtu mkubwa mahali padogo, inakwenda kasi zaidi na zaidi. Nilitaka kumwambia Fuko imetosha. Sikusema. Si mimi niliyelala kule chini.

"Shemeji, nakuomba," akasema Nanga.

Fuko akakohoa, akatema mate pembeni, akasogea ukingoni.

"Nipo," akasema. "Chimba kushoto. Kulia kuna jiwe."